Kamera Mbili, Kimondo Kimoja

Jumapili, 10 Desemba 2023. Isiolo mjini

Betri zilikaa kwenye chaja tangu adhuhuri. Usiku, chakula kikiwa bado jikoni, umeme ukapotea, na haukupotea mtaani kwetu peke yake: karibu nchi nzima iliingia gizani. Betri ya kwanza imejaa. Ya pili imefika nusu. Ya tatu haikupata zamu.

Nikatoka uani. Siku za kawaida taa za mjini huniachia Orioni na nyota chache za kumsindikiza. Leo Kilimia ilikuwa wazi juu ya paa la jirani, na sayari ya Mshtarii ikiwaka upande wake wa magharibi. Watu walitoka na viti. Mtoto wa jirani akaniuliza nyota zote hizi zimeletwa na nani. Nikamweleza kuwa zipo kila usiku, ila taa zetu huzifunika. Hakuridhika, akaenda kumwuliza babu yake.

Kesho naenda Oldonyiro. Vimondo vya Mapacha, ambavyo hurudi kila Desemba, vitafika kilele Alhamisi tarehe 14, mnamo saa nne usiku kwa saa zetu. Mwezi utakuwa mchanga na utazama mapema. Kilele kuangukia usiku wetu, tena usiku usio na mbalamwezi, ni bahati isiyokuja kila mwaka. Desemba ijayo mwezi utakuwa umekaribia kujaa.

Ninachotaka ni kimondo kimoja kikubwa kilichopigwa na kamera mbili, kila moja ikiwa mahali pake. Ukiwa na picha moja tu, huwezi kujua kama kimondo kilipita juu ya boma lako au juu ya kaunti ya tatu. Ukiwa na mbili, kimondo kitaonekana kimehama kidogo mbele ya nyota za nyuma yake, na kuhama huko ndiko kunakokupa umbali. Mwaka 1798 wanafunzi wawili wa Göttingen, Brandes na Benzenberg, waligawana hivyo: mmoja huku, mwingine kule, kila mtu na ramani yake ya nyota. Hawakuwa na kamera. Walipata kwamba vimondo huwaka takriban kilomita 90 juu, wakati ambapo wasomi wengi walidhani ni mvuke unaoungua humu humu mawinguni. Nadhani kazi ile haijapata sifa inayostahili.

Jumatatu, 11 Desemba. Njiani

Landkruza ya abiria iliahidiwa kuondoka saa kumi na mbili. Ilijaa saa tatu. Tripodi yangu ilifungwa kwenye keria pamoja na magodoro, magunia ya unga na kreti za soda. Kamera zote mbili nilizipakata.

Laga ya kwanza, mto wa msimu, tuliivuka. Ya pili ilikuwa imeshuka na maji mekundu yenye matawi, tukangoja. Hakuna aliyenung'unika. Misimu mitano ya mvua ilikosa hapa mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, na watu waliokaa nami ukingoni wamezika mifugo mingi. Mzee mmoja aliyekaa juu ya jerikeni alisema maji haya yangekuja mwaka juzi angeyavulia kofia. Sasa El Niño imeleta yote kwa mkupuo, barabara zimekatika, na nyasi zimefika kiunoni mahali palipokuwa vumbi tupu.

Tulivuka alasiri. Kipsing nilishuka kidogo kumkabidhi Mwalimu kamera ya pili. Anafundisha hesabu na fizikia, na yuko nyumbani kwa likizo. Nilimpa betri iliyojaa, kwa kuwa mimi nitapata duka lenye sola Oldonyiro. Tulikubaliana hivi: kamera zote mbili zitazame kusini, na nyota ya Suheli ikae katikati ya picha ifikapo saa saba na nusu usiku. Lenzi pana, mlango wa mwanga wazi kabisa, sekunde 15 kwa kila picha, moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Kila kamera isahihishwe saa kwa simu. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari la mraba na kupiga mstari chini ya neno "kusini".

Niliposhusha mizigo Oldonyiro giza lilikuwa limeingia. Mguu mmoja wa tripodi ulipinda chini ya kreti. Haufungi tena ukirefushwa, kwa hiyo nitaitumia ikiwa fupi, magotini.

Jumanne, 12 Desemba. Oldonyiro

Leo ni Jamhuri, na uhuru umetimiza miaka 60. Asubuhi nilikwenda kwa chifu kueleza nitakachokuwa nikifanya usiku. Hapa, mpakani na Samburu na Laikipia, mtu asiyejulikana anayezunguka gizani na vyuma hudhaniwa mwizi wa ng'ombe, na wanaodhani hivyo wana sababu. Chifu alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kamera inatoa mwanga. Nikasema inapokea tu. Akasema atawaarifu askari wa akiba.

Duka lenye sola lilifungwa kwa sikukuu. Mwenyewe alikuwa uwanjani, na betri kubwa ya dukani alikuwa nayo huko huko ikiendesha kipaza sauti. Nilisimama nayo karibu hadi hotuba zikaisha.

Wakati nangoja nilikumbuka kwamba tarehe kama ya leo, mwaka 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hii. Nilimweleza kijana aliyekuwa akikunja nyaya. Aliniuliza mara mbili kama kweli ni Malindi yetu. Jambo hilo lingefaa kutajwa kila Jamhuri, baada ya gwaride.

Nimefikia katika boma la mama mmoja wa Kisamburu aliyewahi kumkaribisha dada yangu. Watoto wake waliniinamishia vichwa niwaguse, nami nikawagusa mmoja mmoja. Jioni nilitandaza vifaa juu ya ngozi kuvihesabu. Mbuzi mmoja akatafuna waya wa rimoti ya kamera. Alipofukuzwa alikwenda na kipande chenye kitufe.

Bila rimoti, kamera hii inataka kidole kwenye kitufe chake usiku kucha. Mama alitazama kitufe, akaingia ndani, akatoka na ushanga mkubwa mwekundu na kipande cha tyubu ya baiskeli. Akaweka ushanga juu ya kitufe, akaufunga na tyubu kuzunguka kamera nzima. Kamera ikaanza kupiga, ikamaliza, ikapiga tena, mfululizo. Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona mkono uliokwenda moja kwa moja kwenye jibu namna ile.

Usiku ulikuwa mawingu matupu. Nilikaa nje mpaka saa tisa.

Jumatano, 13 Desemba

Betri zote zimejaa. Mtandao wa simu umeondoka tangu asubuhi, kwa hiyo sijui kama Mwalimu yuko tayari.

Machweo mawingu yalijikunja kuelekea milima ya kaskazini na mbingu ikabaki tupu. Sijui nieleze vipi giza la Oldonyiro kwa mtu wa mjini. Kuna mwanga hafifu upande wa kusini, nadhani ni wa Nanyuki, na zaidi ya huo hakuna taa ya mwanadamu. Njia ya Maziwa inafika hadi kwenye miti. Unaweza kutembea kwa mwanga wa nyota ukizoea.

Kundi la Mapacha huchomoza huku mnamo saa mbili na nusu usiku, upande wa kaskazini-mashariki. Mapema, vimondo ni vichache lakini virefu, vikipita karibu sambamba na ardhi. Kadiri Mapacha wanavyopanda ndivyo idadi inavyoongezeka, mpaka saa nane na nusu wanapofika juu kabisa. Watu wengi huona vinne vitano, wakaenda kulala saa nne wakidhani wameona vyote.

Nilitega kamera mita chache nje ya ua wa miiba, juu ya jiwe bapa. Kulenga ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kamera haijilengi yenyewe gizani. Unachagua nyota angavu, unaikuza kwenye kioo, unazungusha lenzi taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha unabandika selotepu ili lenzi isisogee. Nilitumia Sirius. Nilipomaliza kubandika, ndama akagusa tripodi kwa pua. Nikaanza upya.

Saa nne picha zilianza kufifia. Lenzi ilikuwa imelowa umande, jambo ambalo sikuwahi kuliona hapa miaka ya ukame. Nilifuta, ikalowa. Nikaenda kumwambia mama. Alijaza soksi yangu mchanga wenye joto kutoka pembeni mwa mafiga, tukaizungushia lenzi. Mchanga ulikaa na joto zaidi ya saa moja, na lenzi ikabaki kavu. Nitabadilisha soksi kila saa.

Saa sita askari wawili wa akiba walikuja, kama chifu alivyosema. Walipiga tochi kwenye kamera ili waione vizuri. Picha kadhaa mfululizo ni nyeupe. Wakazima tochi, wakaketi. Mmoja aliuliza kama vimondo vinaweza kuanguka juu ya ng'ombe. Swali hilo lina haki yake, nikalijibu kwa utaratibu. Hivi vya Mapacha ni punje, nyingi hazizidi chembe za mchanga, zinaingia hewani kwa kilomita 35 kwa sekunde, na zinaisha zote kule juu. Mawe yanayofika chini ni mengine, makubwa, nayo huja bila kufuata kalenda. Tarehe 16 Julai 2011 yalianguka karibu na Thika, yakaokotwa. Kimondo cha Mbozi kule Tanzania kina uzito wa takriban tani 16, na hakuna anayejua kilianguka lini.

Kimondo kikapita juu yetu tukiwa tunazungumza, cheupe, kutoka Mapacha hadi karibu na Kilimia. Wote watatu tulinyamaza. Kisha yule mwingine, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema wazee wake huifuata Kilimia kwa habari za mvua na huiita Nkokua. Aliionyesha kwa fimbo.

Walikaa hadi saa nane. Vimondo vingi tuliviona kwa macho. Picha zimeshika vichache. Hivyo ndivyo ilivyo. Kimondo hakikai juu ya nukta moja ya kamera zaidi ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo kilicho hafifu hakiachi alama. Kamera hupata vikubwa tu. Hata hivyo vya Mapacha vina nafuu: vile vya Agosti, vya Perseusi, huja kwa kilomita 59 kwa sekunde na hupita kasi zaidi juu ya nukta zile zile.

Alfajiri mpini wa tochi uliojaa siafu ulinifunza kuangalia ninachoshika. Mkono umevimba lakini vidole vinafanya kazi.

Alhamisi, 14 Desemba

Mtandao ulirudi mchana kwa muda wa simu moja. Mwalimu alisema jana kwake palifunikwa mpaka saa saba. Akasema pia kwamba sola yake ni ndogo na alilazimika kutoa betri kwenye kamera mchana kuichaji. Nilitaka kumwuliza kuhusu saa ya kamera, simu ikakatika.

Mama ameongeza soksi. Mwanawe wa kiume, aliye darasa la sita, amepewa kazi ya kuwazuia ndama.

Saa mbili mbingu safi. Saa tatu safi. Saa nne, saa ya kilele, wingu moja jembamba lilikuja kutoka kusini, likasimama mbele ya Suheli, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inapanda. Mbingu nyingine zote zilikuwa wazi. Vimondo vilishuka kaskazini, mashariki, utosini, viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha manjano kilichovunjika vipande mwishoni. Kamera ilitazama wingu. Sikuigeuza, kwa sababu Mwalimu naye alikuwa akitazama kusini, na kamera mbili zisizotazama upande mmoja hazina faida kwa jambo tulilolifuata.

Saa tano na nusu ardhi iliwaka. Niliona kivuli changu na kivuli cha tripodi vikizunguka juu ya nyasi, kisha vikafutika. Kimondo kilikuwa nyuma yangu, juu ya milima ya kaskazini. Mtoto alikiona chote. Alisema kilikuwa cha kijani mbele na chekundu nyuma, kikubwa kuliko nyota ya asubuhi. Nilimwomba anichoree mstari kwa kidole kutoka kilipoanza hadi kilipoishia, naye akafanya hivyo bila kusita, mara ya pili sawa na ya kwanza. Nimeandika. Macho ya mtoto makini ni ushahidi pia. Brandes na mwenzake hawakuwa na zaidi ya hayo.

Wingu liliondoka karibu na saa sita na nusu. Suheli ilikuwa juu ya upeo wa kusini, nyeupe, Sirius juu yake kushoto. Nilibadilisha soksi.

Saa saba na dakika 48 kimondo kilitokea chini ya Sirius, kikawaka ghafla kushoto mwa Suheli na kushuka hadi kikaisha. Hakikutoa sauti. Ushanga ulikuwa mahali pake na kamera ilikuwa katikati ya picha. Nilisubiri sekunde ziishe, kisha nikatazama kioo, na mstari ulikuwepo, mwembamba mwanzoni, mnene katikati, mwembamba tena.

Mama alikuwa ametoka kuangalia mbuzi. Nilimwonyesha. Alitazama kwa muda, akauliza kama yule wa Kipsing naye anacho. Nikasema sijui.

Fisi walilia upande wa laga mpaka alfajiri. Mtoto alilala juu ya ngozi saa nane, mkono mmoja juu ya ndama.

Ijumaa, 15 Desemba

Siku ya kuchambua. Nilikaa kivulini chini ya mgunga na tarakilishi, shuka kichwani ili nione kioo. Picha moja baada ya nyingine.

Mistari mingi ni ya setilaiti. Setilaiti huonekana kwenye picha kadhaa zinazofuatana, ikisogea. Kimondo huwa kwenye picha moja tu. Ndege zinazotoka Nairobi kwenda Addis na Ghuba zina taa zinazowaka na kuzima, kwa hiyo mstari wake una nukta nukta. Kuna mistari minene isiyo na umbo ambayo ni nondo waliopita karibu na lenzi. Na kuna vimondo.

Watoto walijipanga nyuma yangu. Waliujua upesi mchezo wa kutenganisha, na ikafika mahali wakawa wananitangulia kutaja: setilaiti, ndege, mdudu, kimondo. Msichana mmoja mdogo hakukosea hata mara moja.

Niliwaeleza vumbi hili lilikotoka. Kuna jiwe la angani linaloitwa Phaethon, upana wake kama kilomita tano na ushei, ambalo hulizunguka Jua kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Liligunduliwa Oktoba 1983 kwenye picha za setilaiti iitwayo IRAS, na baada ya muda mfupi tu Fred Whipple akatambua kwamba linapita katika njia ile ile ya vimondo vya Desemba. Vimondo vyenyewe vilikuwa vikiandikwa tangu 1862 bila chanzo chake kujulikana. Phaethon hulikaribia Jua mno, kiasi cha kilomita milioni 21, na mwamba wake hupata moto mkali. Mwaka huu huu wa 2023 watafiti wameonyesha kwamba mkia unaoonekana kwake wakati huo ni sodiamu, haukuwa vumbi kama ilivyodhaniwa. Basi vumbi letu lilitoka lini, na kwa tukio gani? Hilo bado linafanyiwa kazi, na ni swali zuri kwa yeyote kati ya hawa watoto.

Picha ya kwanza ya kimondo duniani ilipigwa Praha na Ladislaus Weinek, tarehe 27 Novemba 1885, kwenye bamba la kioo. Nimeitaja kwa sababu msichana yule aliuliza ni nani aliyeanza.

Mchana niliulizia gari la kwenda Kipsing. Lililokuwepo lilikuwa limepakia mbuzi mpaka kwenye ngazi. Dereva wa bodaboda alikubali, akajaza mafuta, akasikia kwamba laga imeshuka tena, akakataa. Ana haki. Usiku ulinyesha.

Jumamosi, 16 Desemba

Mvua. Mbuzi wamo ndani ya nyumba, nami nimo, na kamera iko ndani ya sufuria yenye mfuniko, mahali pekee pasipovuja.

Jumapili, 17 Desemba. Kipsing

Nilivuka laga nikiwa nimebeba viatu na kamera kichwani, bodaboda ikasukumwa na vijana. Mwalimu alikuwa amenisubiri tangu juzi.

Alifungua kompyuta ya shule na habari haikuwa njema. Alipotoa betri mchana wa Alhamisi, kamera ilisahau tarehe. Picha zake zote za usiku ule zimeandikwa 1 Januari ya mwaka ambao kamera ilitengenezwa, kuanzia saa sita kamili. Yeye hakuweza kulijua hilo gizani, kwa kuwa kioo kidogo cha juu hakionyeshi tarehe. Nusu ya picha zina umande. Yeye alifuta kwa kitambaa usiku kucha, hakuwa na mtu wa kumfundisha soksi.

Lakini ana kimondo. Ni kimoja tu kikubwa katika saa zile, upande wa kusini. Kwangu kiko kushoto mwa Suheli. Kwake kiko kulia.

Lilibaki swali la kama ni kile kile. Mwalimu hakuhangaika na saa ya kamera. Alisema saa iko kwenye picha. Dunia inapozunguka, Sirius husogea karibu nyuzi 15 kwa saa, na kilima cha nyuma ya nyumba yake hakisogei. Tulipima Sirius ilikuwa mbali kiasi gani na ncha ya kilima kwenye picha yenye kimondo. Usiku wa Jumatano, kabla saa ya kamera haijapotea, alikuwa amepiga kilima hicho hicho kutoka jiwe hilo hilo, na picha hizo zina saa sahihi. Alitoa dakika nne, kwa sababu nyota hutangulia kiasi hicho kila siku. Ikatoka saa saba na dakika 47, au 48. Alipiga mstari chini yake mara mbili.

Kisha tukapima kuhama. Umbali kati ya Sirius na Suheli ni nyuzi 36 hivi, tukautumia kama rula. Kutoka picha yangu hadi yake, kimondo kimehama zaidi kidogo ya robo ya rula hiyo. Tulichukua umbali wa Oldonyiro na Kipsing kwenye ramani ya simu, ulionyooka, usiofuata barabara. Mwalimu alikokotoa kwa kalamu, nami kwa simu, kila mtu akificha karatasi yake. Tulipofunua, majibu hayakulingana kabisa lakini yalikaribiana: kimondo kiliwaka kati ya kilomita 80 na 100 juu ya ardhi. Picha zetu na rula yetu haziwezi kusema kwa usahihi zaidi ya hapo, na hatutajaribu kuzilazimisha.

Mahali penyewe ndipo palipotushangaza. Kimondo tulichokitazama tukiwa na fisi na laga hakikuwa juu yetu hata kidogo. Kilikuwa kusini kabisa, ng'ambo ya Ikweta, juu ya Kaunti ya Nyeri. Mwalimu alimpigia shemeji yake anayeishi huko, akamwuliza kama Alhamisi usiku waliona kitu. Shemeji alisema palikuwa na mawingu na walikuwa wamelala, kisha akauliza kama mahindi ya Kipsing yameota.

Kamera ya pili imebaki kwa Mwalimu. Kuna vimondo vingine tarehe 4 Januari, vya Quadrans, ambavyo kwetu huchomoza chini chini kaskazini saa chache kabla ya alfajiri, na mwezi utakuwepo, lakini anataka kujaribu. Nimemwachia soksi mbili na ushanga. Betri ya ndani ya kamera itabidi inunuliwe Isiolo au Nanyuki. Nimemwandikia namba yake kwenye daftari, ukurasa ule ule wenye neno "kusini", na chini yake ameandika "kaskazini".